Mgeni wa Daktari wa Meno

Wapendwa, kaeni vizuri, na ninyi mliosimama karibu na mlango sogeeni, viti vya mbele haviumi. Leo sina hadithi ndefu. Nina daktari wa meno, nina fundi, na nina mzee mmoja wa mashine ya kusaga.

Huyo daktari alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kidogo. Mama yake alifariki yeye angali mchanga, akalelewa na baba tu. Baba alikuwa na mashine ya kusaga mahindi kijijini, na kwa mashine hiyo alimsomesha tangu darasa la kwanza mpaka akavaa koti jeupe. Mnawajua watu wa mashine. Jioni mtu anatoka pale nywele nyeupe, kope nyeupe, ukimsalimia anakohoa kwanza ndipo aitikie. Mzee huyu alisaga miaka thelathini, na unga ukamwingia kifuani ukakaa.

Sasa siku moja, miaka tisa kabla ya haya ninayowasimulia, yule baba alipanda gari kwenda mjini kuona mahali binti yake anapofanyia kazi. Hakutoa taarifa. Alitoka mashineni moja kwa moja, akaingia kliniki na furaha yake yote. Wagonjwa wamejaa kwenye benchi, wauguzi wamesimama. Binti akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasema mbele ya watu wote wale, "Baba, hata kuoga ulishindwa?"

Watu wakacheka kidogo. Baba naye akacheka. Akasema, "Kweli mwanangu, nimekuja vibaya," akatoka nje kama mtu anayekwenda kujikung'uta. Hakurudi ndani, na miaka yote hiyo tisa hakukanyaga tena mjini.

Hawakugombana, mnielewe. Simu zilipigwa kila Jumapili. "Shikamoo baba." "Marahaba, hujambo?" "Sijambo. Kifua?" "Kifua kipo." Hapo mazungumzo yanakwisha, na kila mmoja anabaki ameshika simu yake. Binti alikuwa anang'oa meno ya watu mchana kutwa, na neno moja la kwake mwenyewe akashindwa kulitoa.

Alikuwa na hamu na baba yake jamani. Akisikia mtu anakohoa barazani, anainuka kwenda kutazama. Akipita mtaa wenye mashine ya kusaga, anasimamisha gari na kushusha kioo, asikie ile ngurumo na ile harufu ya mahindi yaliyopata moto. Alitaka baba aje akae naye. Alitaka aamke asubuhi amkute amekaa dirishani na kikombe chake cha chai, analalamika sukari ni kidogo. Hakuna alichokitaka duniani zaidi ya hicho.

Basi alipoanza kujenga nyumba yake akapata wazo. Daktari wa kifua alishasema mzee akae mbali na vumbi. Akawaza moyoni, nitajenga nyumba isiyo na vumbi kabisa, na nyumba yenyewe ndiyo itakayomwomba baba msamaha. Mmesikia hapo? Yeye anyamaze, nyumba iseme.

Akatafuta fundi wa mashine ya kufyonza vumbi. Siyo ile ndogo ya kuburuta sakafuni, ni ile ya nyumba nzima. Mabomba yanapita ndani ya kuta kabla ya plasta. Kila chumba kinakuwa na tundu ukutani lenye kifuniko. Unachomeka mrija mrefu, vumbi linavutwa, linapita humo ukutani, linakwenda kuangukia kwenye pipa lililoko stoo ya nje. Najua akina mama mnachowaza. Mnawaza, kwani fagio zimeisha sokoni? Majirani nao waliuliza hivyo hivyo. Lakini fundi alimweleza kwamba ufagio unalihamisha vumbi tu, linapanda juu linashuka tena, na mwenye kifua kibovu ndiye anayelimeza.

Daktari akasema, "Weka."

"Vyumba vyote?"

"Vyote. Kile kinachopata jua la asubuhi, weka matundu mawili."

"Chumba cha nani hicho, daktari?"

"Nina mgeni," akasema. "Mgeni mkubwa. Kifua chake hakitaki vumbi. Nakuomba fundi, siku akiingia nisione hata chembe."

Fundi akaona hapo pana jambo zito. Akajiwazia, labda ni waziri, labda ni askofu. Hakuuliza zaidi.

Kazi ikala miezi. Plasta ya kile chumba ilikuwa imeshapigwa, daktari akaamuru ibomolewe ili bomba lipite. Mota nayo ikachelewa njiani. Kila akitoka kazini anapitia pale, anaingia chumba kwa chumba, anapitisha kidole kwenye kizingiti cha dirisha na kukitazama. Na kila Jumapili anapiga simu. Shikamoo baba. Marahaba. Kifua? Kipo. Neno linamfika kooni, anajiambia, subiri, rangi haijakauka. Nitamwambia mota ikishafungwa. Nitamwambia kila kitu kikiwa tayari. Ninyi mnaonisikiliza, mnayo maneno mangapi ya namna hiyo, yaliyokaa foleni yanasubiri mota?

Mota ilifungwa siku ya Ijumaa. Daktari yuko kazini, fundi yuko peke yake, kitanda cha mgeni kimeshatandikwa, mlango uko wazi. Anajiandaa kuijaribu mashine. Akatokea mzee mmoja na kiroba begani. Alikuwa amesikia kwa watu kwamba binti yake amejenga, na mzazi gani anasikia mwanawe amejenga akabaki amekaa? Akafika mjini, akauliza kwa majirani, akaelekezwa.

"Hodi hapa."

"Karibu mzee, shikamoo. Ila nakuomba usubiri hapo hapo mlangoni."

"Marahaba. Mwenye nyumba yupo?"

"Yuko kazini. Samahani mzee wangu, kiroba chako kinavuja. Mwenyewe amekataza vumbi humu ndani."

Mzee akashusha kiroba akakitazama. Kweli kilikuwa kimetoboka pembeni, unga unachuruzika kwenye vigae. Akajaribu kuziba kwa kidole. Kisha akaona yale matundu ukutani, akauliza ni ya nini. Na mafundi mnawajua, muulize fundi habari ya kazi yake ndipo utajua ana maneno. Akamweleza mabomba, akamweleza mota, akamweleza pipa.

"Daktari ana mgeni mkubwa," akasema. "Mwaka mzima tunamwandalia huyo mtu. Chumba chake ni kile pale. Kuta zilibomolewa kwa ajili yake."

Mzee akanyoosha shingo, akakitazama kile chumba. Aliona kitanda, aliona pazia, aliona kiti kimewekwa dirishani.

"Anampenda sana huyo mgeni wake," akasema.

"Sana, mzee."

"Basi nisimharibie."

Akainua kiroba, akakohoa, akaondoka. Fundi alipogeuka akaona pale mlangoni pamebaki mstari mweupe na nyayo mbili. Akachomeka mrija. Ndicho kitu cha kwanza ile mashine ilichofyonza.

Saa kumi daktari akarudi. Fundi akampeleka stoo kwa fahari, akamfungulia pipa ajionee jinsi mashine inavyovuta. Pipa lilikuwa jipya, tupu, ila chini kabisa mlikuwa na unga mweupe wa kujaa kiganja.

"Hii ni nini? Chokaa?"

"Hapana daktari, ni unga. Kuna mzee alipita na kiroba. Lakini nilimzuia, hakuingia."

"Mzee gani?"

"Hakutaja jina. Alikuwa msafi tu, amenyoa ndevu, shati limepigwa pasi. Kiroba ndicho kilichokuwa kinavuja."

Daktari akaingiza mkono kwenye pipa, akauchota ule unga, akaunusa. Lilikuwa dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa. Dona la mashine ile lilikuwa na harufu ya kuungua kidogo, na yeye ndilo alilokulia. Fundi akaona mtu mzima, na nguo zake za kazini, anakaa chini kwenye sakafu ya stoo na kulia.

Alipoweza kushika simu akapiga. Mzee alikuwa ameshapanda gari, yuko njiani kurudi.

"Baba, ulikuja."

"Nilipita mara moja tu, mama. Nilikuletea unga wa nyumba mpya. Nikaambiwa una mgeni mkubwa, nikaona nisije nikakuchafulia."

"Baba, mgeni ni wewe. Chumba kile ni chako. Yote yale nilikuwa nakuandalia wewe."

Daktari akasikia gari likinguruma, akasikia baba yake akikohoa. Kisha mzee akasema, polepole, bila hasira yoyote, "Sasa mwanangu, mbona hukuniambia?"

Wapendwa, mfano wangu umeishia hapo. Msinifuate ofisini kuniuliza kama mzee alishuka njiani akarudi. Mimi nimebeba lile swali lake tu, nimewaletea.

Maana sisi tumeweka vigae hapa. Tumenunua vipaza sauti, tumebadilisha mapazia mara mbili mwaka huu, na kwaya imeshona sare ambayo mimi mwenyewe naionea wivu. Ukimuuliza yeyote kati yetu haya yote ni kwa ajili ya nani, atakujibu vizuri sana, ni kwa ajili ya waliopotea, waje wamwone Bwana. Je, wenyewe wanajua? Yule mama anayechoma mahindi nje ya ukuta wetu anatusikia kila Jumapili. Wale vijana wa bodaboda wa pale getini wanazijua nyimbo zetu mpaka ubeti wa tatu, ambao ninyi wenyewe huwa mnaupitia kwa kuguna. Wanautazama mlango huu uliofunguka, wanaona jinsi tunavyong'arisha, wanasema, hawa watu wanampenda sana mgeni wao. Halafu wanajitazama miguu, wanabaki nje. Hakuna aliyevuka lile geti kuwaambia kwamba wanaongojwa ni wao.

Na hata ndani ya nyumba zetu ni hivyo hivyo. Kuna mtu hapa anajenga, anasomesha, anatuma mizigo, anafanya kila kitu ili mkewe au kaka yake au mama yake aelewe, na kinywa amekifunga. Ndugu yangu, ukuta hausemi. Unamwandalia mtu mwaka mzima, na yeye anaamini umemsahau. Mungu alipotupenda hakunyamaza hivyo. Alituambia, tena akaja mwenyewe kutuambia, akatembea mpaka miguu yake ikashika vumbi la kwetu.

Leo nafunga ibada dakika kumi kabla ya muda. Wazee wa kanisa wamenitazama vibaya tangu nilipowaeleza, lakini nimeshaamua. Dakika hizo kumi kila mmoja wenu azitumie kwa mtu mmoja, na tangu nilipoanza kusema umeshamjua ni nani. Kama yuko mbali, piga simu. Kama yuko nje ya geti, nenda ukamwite. Tusimame.