Magoti ya Kushukuru Umeme

Palikuwa na Sultani mmoja akiitwa Fumbwe, aliyejaza paneli za sola juu ya paa la kasri lake mpaka kunguru wakakosa pa kutua. Fundi Shaame, aliyezifunga, alimuuliza kama anataka na betri za kuhifadhia umeme wa usiku. Sultani akamtazama kwa dharau. "Mimi ni Sultani. Siweki viporo." Fundi akaendelea kufunga waya, maana alikuwa na watoto wa kulisha.

Basi ikawa hivi. Mchana paneli zililisha kasri, na umeme uliobaki ukapita kwenye waya ukaingia majumbani mwa watu. Usiku, jua likishazama, waya ule ule ulileta kasrini umeme wa mji. Nao umeme wa mji ulitoka kwenye maporomoko ya mto, ambako watu walichimba mfereji kwa majembe yao wenyewe. Sultani alielezwa yote mawili. La kwanza alilisikiliza vizuri sana; la pili lilimkuta amesinzia.

Kesho yake mpiga mbiu akapita mitaani: kila adhuhuri, kila mwenye taa nyumbani afike kwa Sultani, apige magoti, aseme asante kwa umeme. Watu wakaenda. Vyungu vikaungua jikoni, magoti yakaota sugu. Na hao ni watu wazima, wenye ndevu zao.

Mmoja tu hakwenda: Mize, mjane muuza barafu za ukwaju. Watu wakitoka kupiga magoti juani huwa wamekaukwa koo, na hiyo ndiyo ilikuwa saa yake ya kuuza. Askari wakamleta barazani mbele ya mji mzima. Hukumu ilikuwa tayari: waya wa nyumba yake ukatwe. Friji lilikuwa limejaa barafu, na Mize hakuwa na kingine cha kumlisha.

"Friji lako linakula umeme wa nani saa hizi?" Sultani akauliza.

"Huenda wako, Mwinyi, huenda wa mto. Ukishaingia kwenye waya haujulikani baba yake."

"Una ulimi mrefu."

"Wa kawaida tu, Mwinyi. Ni hawa wenzangu waliomeza wa kwao."

Sultani akawageukia watu. "Ombaomba nyinyi. Bila mimi mngekuwa gizani."

"Kama sisi ni ombaomba," Mize akasema, "kwa nini ukate waya wangu peke yake? Kata ule unaounganisha kasri na mji. Tuone nani atalia."

Sultani akalipenda hilo. Fundi Shaame akafungua mdomo, akaambiwa aufunge na akazime swichi kubwa. Akaizima.

Feni iliyokuwa juu ya kiti cha Sultani ikasita, kisha ikasimama. Nje jua lilikuwa la utosi. Jasho likaanza kuteremka kutoka kwenye kilemba.

"Nani kazima jua?"

"Jua lipo, Mwinyi," fundi akajibu. "Paneli zako hazina betri, zinaufuata umeme wa mji. Waya wa mji ukinyamaza nazo hunyamaza, zisije zikamuua fundi anayeushika akidhani hauna kitu."

"Washa," Sultani akasema kwa sauti ndogo.

Mwenye haya angeishia hapo, akaenda kuoga. Huyu, haya na yeye hawakuwahi kuonana. Feni ilipozunguka tena, naye akarudi pale pale.

"Sikiliza, mwanamke. Mchana umeme wangu unakufikia, haukufikii?"

"Unanifikia, Mwinyi."

"Na anayepewa umeme, ashukuru asishukuru?"

"Ashukuru."

"Vipi?"

"Kwa magoti, kama ulivyoamuru."

"Wapi?"

"Mlangoni kwa aliyempa."

Sultani akacheka mpaka kitambi kikatikisika. "Mmemsikia? Hiyo ndiyo sheria, na haina mkubwa wala mdogo. Asiyeifuata, waya wake ukatwe."

"Hata akiwa nani, Mwinyi?"

"Hata akiwa nani."

Mize akapiga magoti. Akasema asante kwa umeme wa mchana, kwa sauti, kila mtu akasikia. Kisha akainuka, akajipangusa vumbi.

"Sasa, Mwinyi wangu, tangu paneli zako zipande juu, kila magharibi, umeme wetu wa mto unapoanza kuja kwako, nafagia mlango, natandika mkeka, nakaa nakungoja. Na mji mzima umekaa milangoni vivyo hivyo. Leo tuanze kukungojea saa ngapi?"