Salamu za Muhogo wa Mpakani

Tema hiyo, Somoe. Tema yote, usimeze kwa kuona haya. Umeuma muhogo wa uani ukaukuta mchungu, sasa unanitazama kama mimi ndiye niliyeutia dawa. Kaa chini, na hao wenzako wakae, niwaambie uchungu huo ulikotoka, maana ninyi kazi yenu kutafuna tu kama panya.

Zamani hizo muhogo mchungu haukuwepo. Mtu alichimba, akafuta udongo pajani, akatafuna. Na si mtu peke yake. Nguruwe wa porini alitafuna, nungunungu alitafuna, fuko naye alitafuna huko chini kwa chini. Mama Muhogo alizaa kila msimu, na kila msimu watoto wakishanenepa mizizi, walifukuliwa. Hakupata hata mmoja wa kuzeeka naye. Hicho tu ndicho alichokitamani: kuamka asubuhi akamkuta mtoto pale alipomwacha jana.

Mwaka mmoja akazaa wengi, na wa mwisho akatoka vingine. Majani yaleyale, ngozi ileile, ila mwilini ana uchungu. Msiniulize aliutoa wapi. Watoto wa tumbo moja hawafanani, tazamaneni wenyewe. Ndugu zake wakamcheka.

"Wewe Kitinda, nani atakutaka? Hata fuko atakutema!"

Mama yake, nisimsifu bure, alimwonea haya. Akamsukumia mpakani, msitu unapoanzia, wageni wasimwone. Huko Kitinda akawa anawasikia wenzake wakiongea jioni. Maneno hayakumfikia, sauti tu. Akangoja kuitwa. Hakuitwa.

Basi nguruwe wakashuka kutoka msituni, na wa kwanza kukutana naye akawa Kitinda. Mkubwa wao akamuuma mzizi, akatema, akapiga chafya, akafuta ulimi kwenye nyasi. Wakampita, wakaingia shambani, wakala wote waliobaki. Kulipokucha Mama Muhogo akaita watoto wake mmoja mmoja kwa majina. Kimya. Mwisho sauti ikatoka mbali:

"Mimi nipo, mama."

Alitaka mtoto mmoja, akaachiwa yule aliyemfukuza mwenyewe.

Mwenye shamba, mwanamke aitwaye Namalowe, akaja na kapu. Nyumbani watoto wake wanalia njaa. Akamng'oa Kitinda, akajaza mizizi kapuni, akaenda mtoni kuiosha. Akaonja. Hasira zikampanda, akaitupa yote majini. "Nguruwe wamekushindwa, mimi nikufanyeje?"

Siku ya tatu njaa ikamrudisha mtoni kuchota maji ashibishe matumbo. Akaikuta mizizi imekwama kwenye mawe, imelainika, maji yanatoa povu. Akamega kidogo akaonja: uchungu umeondoka na maji. Akaimenya, akaianika juani mpaka ikakauka kau, akatwanga, akasonga ugali. Watoto wakala, wakanyamaza.

Sasa muhogo mnaujua, ukichimbwa haufi. Kata mti wake uuchomeke ardhini, anaota ni yeye yule. Namalowe akauchukua mti wa Kitinda, na kwenye uharibifu wa nguruwe akaokota kijiti cha ndugu yake mmoja mtamu. Huyo mtamu akapandwa uani, karibu na mlango, mbwa amwone. Mama Muhogo akamsihi:

"Mwenye shamba, na huyu mwanangu mlete uani. Nimemkosea."

"Nikimleta huku, kule atasimama nani?" akajibu Namalowe. "Nguruwe watanifikia kitandani."

Kitinda akarudishwa mpakani, akazaliana huko. Mara hii mama yake ndiye aliyebaki akisikiliza.

Hivyo ndivyo tunavyopanda hadi leo: mtamu uani, mchungu mpakani, na wa mpakani haingii chunguni kabla hajalala mtoni na kuota jua. Lakini msidhani amesahau kwao. Maua yakichanua, huwapakaza nyuki vumbi lake, nao hulibeba mpaka uani, kwenye maua ya ndugu yake. Tunda likikomaa linapasuka, mbegu inadondoka, mche unajiotea hapa mlangoni, sura ya mtamu na damu ya mchungu. Ndiyo maana sisi wanawake tunauma ncha kwanza. Tukikuta uchungu tunatema, tunasema, "Tumekusikia, wa mpakani." Kisha tunaukata mti ule, tunampelekea kule, apate wa kuongea naye. Kumwita nyumbani, hapana. Nani atasimama kule?

Haya, Somoe, kutema umetema, kusema hujasema. Sema basi. Na upaze sauti, mpakani ni mbali.