Kitendawili cha Mchana

Hapo zamani za kale, na nikisema kale ni kale kwelikweli, babu wa babu yenu hajaota hata jino, wanyama walijenga nyumba, wakapika, wakaenda gulioni na kugombana na majirani kama sisi tu. Sogeeni, sogeeni! Wewe unayemfinya mwenzako, nimekuona. Toa mkono huo usikilize.

Nchi yao iliitwa Mawemawe. Mtemi wao wa zamani alikuwa Tembo mzee, mwenye sauti ya kutikisa vyungu. Akikohoa huku, mama wa kijiji cha pili anashika chungu chake kisianguke. Mzee akafa, mwanawe akatawazwa.

Mwana mwenyewe alikuwa mkubwa kama nyumba! Miguu kama vinu, masikio kama nyungo mbili. Lakini sauti, wajukuu zangu, sauti! Ilikuwa nyembamba, kiii, kama ya kifaranga aliyepotezana na mama yake.

Basi akaona haya. Akasema moyoni, "Nikifungua mdomo mbele ya watu, nimekwisha." Akatundika mkeka mkubwa mlangoni, akakaa nyuma yake, akamwita Fisi.

"Wewe utakuwa msemaji wangu," akamwambia. "Nitakalosema humu ndani, nenda kaliseme huko nje."

"Kama ulivyolisema, Mtemi wangu!" akajibu Fisi, mate yanamdondoka. "Neno kwa neno!"

Neno kwa neno! Mimi Fisi simwamini hata akiniambia ni asubuhi.

Mwaka ule masika yalikuwa makali, mlima ukaporomoka, puuu! Matope na mawe yakaziba jicho la chemchemi. Kiangazi kikaingia, na nchi nzima ikabaki na dimbwi moja tu, tope nusu, maji nusu. Mawe yale yalihitaji Tembo, Kifaru na Nyati wasukume pamoja, na wadogo wote wazoe matope nyuma yao. Mmoja mmoja, haiwezekani.

Mtemi akamwita Fisi haraka. "Waambie watu wangu, tafadhali, kesho twendeni wote tukaizibue chemchemi. Mimi mwenyewe nitatangulia. Mawe makubwa niachieni mimi."

Maneno mazuri, sivyo? Fisi akachukua pembe yake ya mbiu, akashuka gulioni. Puuu! Puuu! Wanyama wakakusanyika, maana mbiu ya mgambo ikilia ina jambo.

"Sikilizeni!" akasema Fisi, kifua mbele. "Mtemi amesema, kachimbeni chemchemi. Yeye amepumzika. Na kabla ya kuchimba, kila nyumba ilete mfupa mmoja wenye nyama. Mifupa yote ipitie kwangu."

"Mfupa?" akapiga kelele Twiga. "Mimi nakula majani! Nitoe wapi mfupa, niuchomoe mguuni?"

"Baba yake alikuwa anakuja mwenyewe!" akafoka Nyati. "Huyu hata uso hatuujui!"

"Akachimbe mwenyewe!" akasema Kifaru, akapiga teke vumbi, akaenda zake. Wote wakatawanyika.

Fisi akapanda kwa Mtemi, uso wa huzuni, mkia katikati ya miguu. "Ee Mtemi, wamekataa. Wanasema mtoto hafanani na baba."

Nyuma ya mkeka, yule mkubwa kama nyumba akalia kimyakimya. Inauma, jamani! Umewaita watu wako kwa wema, unaletewa matusi wasiyoyatamka.

Sasa, kulikuwa na mama mmoja, Bi Pimbi, mdogo wa kutosha kwenye kikapu cha mayai, mkia hana, watoto anao wanne. Siku ile kitinda mimba wake alimjia, midomo imepasuka.

"Mama, nimelamba jiwe," akasema. "Halina kitu."

Bi Pimbi akamkumbatia. Akaenda kulitazama dimbwi. Maji ya siku mbili, tena ukinywa kwa kijiko. Akakaa juu ya jiwe, akawaza.

"Mifupa," akajisemea. "Tembo na mifupa wapi na wapi? Tembo anakula majani. Anayekula mifupa hapa Mawemawe namjua, na juzi alipita kwangu anaramba midomo. He! Haya si maneno ya Mtemi!"

Akaruka pale alipokaa. Tip, tip, tip, mpaka kwa Kifaru.

"Kaka Kifaru! Umesikia? Kesho saa nne Mtemi anagawa chumvi!"

Kifaru akasimamisha masikio. Nyinyi hamjui wanyama wakubwa wanavyopenda chumvi! "Chumvi? Bila mfupa?"

"Bila mfupa. Ila sharti ni moja. Mnakuja nje ya ua wake, mnasimama kimya. Atakayesema neno, anakosa."

Akamwambia Nyati. Akamwambia Twiga. Kabla jua halijazama nchi nzima inajua habari ya chumvi, na kila mmoja anamwonya mwenzake afunge mdomo.

Asubuhi, Bi Pimbi akamkuta Fisi kwenye lango la Mtemi.

"Mzee Fisi, bado uko hapa? Watu wameleta mifupa bonde la pili, rundo limefika magotini pangu! Tai wameshaanza kuzunguka."

"Tai? Mifupa yangu?" Fisi hakuuliza la pili. Fyuuu! Vumbi tu. Hata hakujiuliza magoti ya Pimbi yako juu kiasi gani.

Wanyama wakaja, nyayo polepole, wakajipanga nje ya ua, midomo wameibana. Bi Pimbi akaingia uani peke yake, akasimama mbele ya mkeka.

Sasa nisikilizeni vizuri. Nchini mwao, kutega kitendawili mchana ilikuwa mwiko. Ukitega mchana, unaota mkia. Wenye mkia waliogopa kuota wa pili. Lakini Bi Pimbi hakuwa nao. "Nikiota," akasema, "ndio kwanza nitakuwa nao." Akavuta pumzi.

"Kitendawili!"

Kimya.

"Kitendawili!"

Kimya tena, lakini mkeka ukatikisika kidogo. Maana kuna kiumbe gani anayeweza kusikia neno hilo akanyamaza? Nyinyi wenyewe, hebu, kitendawili! Mmeona? Mmejibu wote! Basi na Mtemi vilevile. Tangu bibi yake afariki, hakuna aliyemtegea kitendawili hata kimoja.

"Kitendawili!"

"Tega!" ikatoka sauti nyuma ya mkeka. Kiii!

Huko nje Nyati akamnong'oneza Kifaru, "Kuna mtoto humo ndani?"

"Sss!" akasema Twiga. "Chumvi!"

"Nikienda ananifuata, nikikaa anakaa, nikimpiga halii," akatega Bi Pimbi.

"Kivuli! Kivuli!" Mtemi akacheka mpaka mkeka ukapepea. "Tega kingine, nani wewe, tega!"

"Ni Pimbi, Mtemi. Haya, kitendawili!"

"Tega!"

"Nina mkubwa wangu. Ana masikio mapana, lakini hajatusikia. Ana mdomo mzima, lakini anaazima wa jirani."

Mtemi akawaza. "Ni... ngoma?"

"Siyo."

"Mtungi?"

"Mtungi una masikio wapi? Siyo! Nipe mji!"

Hiyo ndiyo kanuni ya vitendawili, na hata mtemi haikwepi. Ukishindwa, unampa mwenzako mji, naye anakuambia alichokiona huko kabla hajakupa jibu.

"Nakupa Mawemawe yote!" akasema Mtemi.

"Nimekwenda Mawemawe," akaanza Bi Pimbi, na hapo sauti yake ikabadilika. "Nimefika. Nimekuta dimbwi la maji ya siku moja. Nimekuta mwanangu analamba jiwe. Nikauliza, mtemi wenu yuko wapi? Wakaniambia, amepumzika, anasubiri aletewe mifupa yenye nyama ndipo tuchimbe."

"Mifupa?" Mtemi akasimama, nyumba ikatikisika. "Mifupa gani? Mimi nile mifupa kwa meno gani? Mimi nilisema tafadhali! Nilisema twende wote! Nilisema mawe makubwa niachieni mimi!"

"Alaaa!" Hiyo ilitoka nje ya ua, kwa vinywa vyote pamoja. Chumvi waliisahau palepale.

Mtemi akaganda. "Bi Pimbi... nani wako nje?"

"Watu wako, Mtemi."

"Wote?"

"Wote, isipokuwa Fisi."

"Na wamenisikia? Sauti yangu hii?"

"Wamekusikia. Na jibu la kitendawili ni wewe." Bi Pimbi akausogelea mkeka. "Unisamehe, Mtemi. Habari ya chumvi nimewadanganya wao, na wewe nimekutega. Ukiniadhibu sawa. Lakini ukibaki humo, kesho Fisi atakusemea tena, na wanangu hawana maji ya kesho."



Halafu, charaaa! Mkeka ukaanguka. Tembo akatoka juani, mkubwa, masikio yanatetemeka, akaja mpaka langoni na kusimama mbele ya watu wake.

"Habari za asubuhi," akasema. Kiii!

Kijana mmoja wa Tumbili akaguna, akaziba mdomo kwa mikono miwili. Mwingine mabega yakaanza kumcheza. Tembo akawaona. Wajukuu zangu, hapo alikuwa na njia mbili, kurudi ndani au kukanyaga mtu. Na hata moja hakuifuata.

"Chekeni tu," akasema. "Mimi mwenyewe mara ya kwanza kuisikia niligeuka nyuma nione nani kanikalia mgongoni."

Tumbili akapasuka, kwa kwa kwa!

"Ni kosa langu," akaendelea Tembo. "Siku Mungu anagawa sauti, mimi nilikuwa bado kwenye foleni ya masikio. Nilipofika, wakaniambia, ndugu, zimekwisha, imebaki hii ya kuku."

Lo! Mnyama hakubaki amesimama! Nyati alikaa chini. Twiga alicheka, na kicheko kikachukua muda kupanda shingo yote ile, kwa hiyo wenzake wamemaliza yeye ndio anaanza. Kifaru alifuta machozi akisema, "Huyu ni wetu huyu! Wallahi huyu ni wetu!"

Tembo naye alicheka, kisha akanyamaza. "Niliogopa mtanicheka," akasema, "nikajificha, na watoto wakakosa maji kwa sababu ya haya zangu. Nisameheni. Chemchemi imeziba. Mimi natangulia sasa hivi. Anayetaka, anifuate."

Hata hawajainua mguu, puuu! Puuu! Fisi huyo, anahema, bondeni hakukuta hata ukucha, hasira zimempanda, macho hayaoni mbele.

"Sikilizeni!" akabweka. "Mtemi amesema mifupa imechelewa! Sasa ni miwili miwili!"

"Nimesema lini?" akauliza Tembo juu ya kichwa chake.

Fisi akainua macho polepole. Akaona miguu. Akaona tumbo. Akaona masikio. Pembe ya mbiu ikamponyoka, ko!

"Mtemi wangu... mimi... wamenielewa vibaya..."

"Shika kikapu," akasema Tembo. "Utazoa matope, na leo utafanya kazi bila kusema neno."

Wakaenda! Oooh, siku ile! Tembo anasukuma, Kifaru anasukuma, Nyati wanatia mabega, tifu! tifu! Majembe hamsini yanaingia ardhini. Na katikati ya vishindo vile mnajua ni sauti ya nani iliyosikika mpaka nyuma kabisa? Ile nyembamba! Ya baba yake ilikuwa nene, ingemezwa na majembe. Hii ilipita juu ya kelele zote.

"Mmechoka?" Kiii!

"Bado!"

"Twiga umemaliza kucheka?"

"Bado, Mtemi!"

"Basi tena! Moja, mbili, sukuma!"

Jiwe la mwisho likatikisika, likang'oka, likabingirika, gudugudu-gudu! Kimya kidogo. Kisha, chiririii, uzi mwembamba wa maji, kisha bubujii! Jicho limefunguka! Watu wakarushiana matope, wakakumbatiana, Nyati akambusu Kifaru, nao walikuwa hawajasalimiana mwaka mzima.

Tembo akayachota maji ya kwanza kwa mkonga. Hakunywa. Akainama mpaka chini, kwa watoto wanne wa Bi Pimbi waliokuwa wamejipanga juu ya jiwe, akawanywesha mmoja mmoja, na kitinda mimba akanywa mara mbili.

Bi Pimbi alisimama pembeni akilia na kucheka pamoja. Mimi nilikuwa njiani narudi kwangu, nikawaacha wanaoga.

Mkubwa anayeona haya kusema na watu wake kwa sauti yake mwenyewe, fisi atamsemea.