Obadia Aliyefunga Mara Mbili

Paukwa!

Pakawa.

Waliojibu ni watano. Wengine midomo imejaa viazi. Tafuneni, mmeze, halafu mnijibu vizuri, maana hadithi ya leo inahusu kula na kutokula.

Paukwa!

Pakawa!

Hapo sasa. Hapo zamani za kale, kabla ya mabati na kabla ya barabara, palikuwa na kijiji. Kijijini palikuwa na kanisa la udongo. Kanisa lilikuwa na mlango mmoja, mlango ulikuwa na ufunguo, na ufunguo ulikuwa wa Bibi Damari.

Bibi Damari hakuwa mzee wa kanisa. Wakati ule mzee wa kanisa ilibidi awe na ndevu. Yeye ndevu alikuwa nazo tatu, hapa kidevuni, lakini hazikuhesabiwa. Basi akapewa mlango. Asubuhi alifungua, krii. Jioni alifunga, krii, ko. Na katikati alikaa nyuma kabisa na fimbo yake, akisikiliza.

Palikuwa na bwana mmoja, jina lake Obadia. Mkewe aliitwa Tabita. Walifunga ndoa katika kanisa lile lile, mwaka wa mavuno. Mwalimu wa kanisa akauliza, "Utakaa naye kwa raha na kwa taabu?" Obadia akajibu ndiyo kwa sauti iliyowafukuza kuku nje. Raha ilikuwa pale pale, inanukia kwenye vyungu. Taabu ilikuwa neno tu.

Basi neno likapata mwili. Jua likawaka. Mwaka wa kwanza mahindi yakawa mabua. Mwaka wa pili mabua yakawa vumbi. Watu wakala kuku, wakala mbuzi, wakala mbegu. Na mkiona watu wanakula mbegu, jueni hawana la kungoja.

Jumapili moja Obadia akasimama kanisani, amejipaka majivu usoni.

"Ndugu zangu," akasema, "nafunga. Siku arobaini. Kwa ajili ya mvua."

Watu wakasema, aah. Mwalimu wa kanisa akafuta machozi. Kule nyuma Bibi Damari akamwinamia jirani yake.

"Kwani alikuwa na chakula gani hata akakiacha?"

"Nyamaza, Bibi. Tuko kanisani."

Bibi akanyamaza. Alikuwa anajua kunyamaza, ila hakupenda.

Tangu siku ile Obadia akawa mtu wa kufunga. Alikaa kwenye baraza ya kanisa, majivu usoni, mikono magotini. Tabita akamwendea.

"Mwenzangu, twende porini tukachimbe ndiga."

"Nimefunga."

"Mwenzangu, nisaidie mtungi. Kisima kiko mbali."

"Nimefunga."

"Mwenzangu, paa limetoboka."

"Nimefunga."

Hilo la paa tumsamehe, mvua haikuwepo. Lakini jioni alikunywa uji, kwa sababu, alisema, hata manabii walipata kitu kidogo. Na uji ulikuwa wa ndiga, na ndiga aliichimba Tabita.

Ndiga mnaijua? Nyie mnajua mkate. Ndiga ni kiazi cha porini. Hakiliwi mpaka njaa ibishe hodi, kwa sababu kina sumu. Ukikila bila kukiosha kinakulevya. Ulimi unakuwa mzito, dunia inazunguka, na wapo waliozunguka nayo wasirudi. Unakimenya. Unakikata vipande vyembamba. Unaviloweka kwenye chungu siku tatu, na maji unamwaga, unateka mengine, unamwaga, unateka mengine. Na kisima kilikuwa ng'ambo ya vilima viwili. Tabita akaosha huku anaimba:

Osha, osha, bado.
Mwaga, teka, bado.
Ya leo inalevya,
ya kesho inalevya,
ya keshokutwa chakula.

Itikieni, kazi isiwe yangu peke yangu. Osha, osha…

Bado!

Mwaga, teka…

Bado!

Ndivyo. Na sala yake njiani ilikuwa fupi. "Bwana, nipe miguu ya kwenda na kurudi." Mvua hakuiombea. Nadhani alikuwa amechoka mno kuomba makubwa.

Siku ya kumi na mbili, mchana, Tabita alikuwa kisimani. Chungu kilikuwa nyuma ya nyumba, na vipande ndani yake, siku ya pili. Obadia akarudi nyumbani kuchukua mkeka. Tumbo likasema, ngrrr. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Juu hakutazama. Akatoa kipande, akakichoma kwenye makaa. Kitamu. Akatoa cha pili. Vikafika saba.

Akarudi kanisani, ambako watu walikuwa wanaombea mvua. Hatua ya kwanza ikaenda sawa. Ya pili ikaenda upande. Ya tatu haikujua iendako. Puu, akaanguka mbele ya watu wote. Macho yamegeuka, ulimi umekuwa gogo. Maskini alikuwa anaomba msaada. Alitaka kusema, mwiteni mke wangu, nimekula cha kwenye chungu. Likatoka hivi:

"Mke… chungu… mke… chungu…"

Mwalimu wa kanisa alikuwa mtu mwema, ila alipenda ishara kuliko kitoweo. Akapiga magoti.

"Ndugu, mtumishi anaona maono. Mmesikia? Mke. Uchungu. Mkewe ana uchungu moyoni, naye ndiye aliyefunga mvua."

Watu wakasema, aah. Lakini aah ya safari hii ilikuwa nyingine. Kufunga mvua si neno la mchezo. Mwanamke akitajwa kwa neno hilo leo, kesho anarudi kwao, na akifika kwao salama ashukuru.

Tabita akaitwa. Akamkuta mumewe chini. Akamshika mkono, vidole vinanuka moshi, na hapo akaelewa. Akamwegemeza kifuani, akamnywesha maji ya mtungini, yale aliyoyateka kuoshea ndiga, mpaka akatapika. Akamwuguza siku mbili bila kutoka kando yake. Walimsema akiwapo, na hakujibu.

Siku ya tatu Obadia akafumbua macho. Akakuta watu wamejaa mlangoni wanamwita nabii. Wanataka kumshika mkono. Wanauliza mvua itanyesha siku gani. Na mwalimu wa kanisa akamwambia, kwa upole kabisa, kwamba Jumapili wazee watakaa, na Tabita atarudishwa kwao.

Kosa lenyewe liko hapo, msilitafute pengine. Kula ndiga ilikuwa njaa, na njaa tunaijua. Lakini sasa ulimi wake ulikuwa mwepesi. Neno moja tu lingetosha. Obadia akawatazama wale watu wanaomwita nabii. Akasema, "Mapenzi ya Bwana yatimizwe."

Kila nikifika hapa inaniuma. Hata kama nimeisimulia mara mia.

Jumamosi Bibi Damari akaenda kwa Tabita. Ko, ko, ko, fimbo yake njiani. Akamkuta anafunga mzigo wake, nguo tatu tu.

"Mjukuu wangu, mbona hujitetei?"

"Nikijitetea, Bibi, kijiji kizima kitamcheka mume wangu mpaka anazeeka. Niliapa kwa raha na kwa taabu."

"Uliapa. Na yeye je?"

"Yeye mdomo anao. Namngoja."

Bibi Damari akazunguka nyuma ya nyumba, akachungulia chungu. Vipande vilikuwa mle mle, katika maji yale yale ya siku ya pili, maana mwoshaji alikuwa anauguza.

"Hivi nitavichukua," akasema.

Jumapili ikafika. Chuma cha kanisa kikalia, ngee, ngee, ngee. Wazee wakakaa mbele na ndevu zao. Obadia akakalishwa kwenye kiti chenye mto. Tabita akasimama karibu na mlango, mzigo mkononi. Bibi Damari akaingia wa mwisho. Krii, ko. Akazungusha ufunguo, akaufungia kwenye pindo la nguo yake.

"Bibi," mwalimu akasema, "mbona unatufungia?"

"Ndiyo kazi mliyonipa. Huyu anafunga kula, yule anafunga mvua, mimi nafunga mlango. Kila mtu na karama yake."

Watu wawili wakacheka, kisha wakakumbuka wako wapi.

"Ninyi wenyewe mmetufundisha," Bibi akaendelea, "neno kubwa halisimami kwa shahidi mmoja. Obadia ameona peke yake. Mimi nimegundua alichokula kabla ya kuona. Atakayekila ataona alichoona Obadia." Akafunua kikapu. "Mwalimu, nani anastahili kuanza kama si wewe?"

Mwalimu akatazama, akaona ni ndiga, chakula cha kila nyumba mwaka ule. Akadhani hii imebarikiwa. Akachukua kipande kwa mikono miwili, akafumba macho, akaanza kushukuru. Alikuwa mtu wa kushukuru kwa kirefu. Watu walizoea kumlalamikia, lakini siku ile urefu ndio uliomwokoa. Akashukuru kwa ajili ya ardhi. Akashukuru kwa ajili ya mizizi. Obadia akaanza kutoka jasho. Akashukuru kwa ajili ya wajane. Jasho likashuka na majivu, likachora mistari. Amina ikafika. Mdomo ukafunguka.

"Usile," Obadia akasema.

"Kwa nini, nabii?"

"Bado."

"Bado nini?" Bibi Damari akauliza.

"Bado haijaosheka."

"Umejuaje, mjukuu wangu? Wewe umefunga. Aliyefunga anajuaje ladha ya kilichomo chunguni?"

Obadia akainuka kwenye kile kiti chenye mto, akasema yote. Akasema vipande saba. Akasema alitaka kusema chungu, chombo cha kupikia, wala si uchungu. Akasema mke wake hana kosa, na kwamba alijua hivyo tangu siku ile ya tatu, akanyamaza. Akalia. Si kilio cha manabii, kilikuwa kilio chenye kamasi.

Mwalimu wa kanisa akakitazama kile kipande mkononi mwake, akakiweka chini taratibu.

"Obadia," Bibi Damari akasema, "umefunga mara mbili maishani mwako. Ulifunga ndoa, hadharani. Ukafunga kula, hadharani. Ile ya kula ukaifungua nyuma ya nyumba, kwa siri. Na ya ndoa ukataka sisi tukufungulie, ili mikono yako ibaki safi."

Akawageukia wazee. "Kule harusini Kana, divai ilipokwisha, Bwana angeweza kuileta kutoka hewani. Lakini aliwaambia watu wajaze mitungi kwanza. Sisi sote hapa tunaomba divai. Aliyekuwa anajaza mitungi ni mmoja, na huyo ndiye mliyetaka kumfukuza."

Wazee wakashika ndevu zao. Mmoja akauliza apewe adhabu gani.

"Adhabu ya nini? Aliahidi siku arobaini, azimalize. Ila sasa ajifunge kibwebwe."

Watu wakacheka, maana kibwebwe hujifunga wanawake wakienda kazini. Bibi hakucheka. Akavua kitambaa chake, akamfunga Obadia kiunoni yeye mwenyewe, akavuta mpaka akaguna. Akampa mtungi. Kisha akafungua mlango, krii, na kisima kilikuwa kule kule, ng'ambo ya vilima viwili.

Tabita akarudi nyumbani, akafungua mzigo. Lakini hakuufungua wote. Nguo moja aliiacha imefungwa, akaitundika ukutani. Obadia akaiona.

"Na hiyo, mwenzangu?"

"Hiyo bado," akasema.

Basi Obadia akateka maji. Asubuhi vilima viwili, jioni vilima viwili. Wiki ya kwanza mtungi ulimwagika nusu. Wiki ya pili robo. Osha, osha…

Bado!

Mwaga, teka…

Bado!

Na mvua je? Mvua ilikuja siku ambayo hakuna aliyeitabiri. Mwalimu wa kanisa alikuwa amelala. Obadia alikuwa kwenye kilima cha pili, anarudi, mtungi umejaa kichwani. Tone, to. Tone, to. Kisha mbingu zikamwagika. Watu wakatoka nje wakicheza kwenye matope. Wakamwita.

"Obadia, mwaga hayo maji. Mvua hii hapa."

Hakuyamwaga. Akaja taratibu, matope magotini, kibwebwe kimelowa, mpaka mlangoni kwake. Tabita alikuwa amesimama chini ya lile paa lililotoboka.

"Mwenzangu, maji yanaanguka hadi kitandani. Hayo umeyabeba ya nini?"

Obadia akautua mtungi.

"Nilikuwa naiwazia ndiga," akasema. "Bado siku moja."

Tabita akamtazama. Akaingia ndani, akaishusha ile nguo ukutani, akaifungua.

Tunasema Mungu hamtupi mja wake, na ni kweli. Ila mara nyingi humtumia mtu mwenye mtungi kichwani, na sisi tunakodoa macho juu kumtafuta mwenye mabawa. Muwe na wake, muwe na waume, lakini mkumbuke kuwa kiapo cha raha na taabu hakiliwi siku ya kwanza.

Hadithi yangu nimeifunga hapo. Mwenye kutaka kuifungua, akateke maji kwanza.