Pampu Iliyovishwa Maua

“Pampu ya kuonyeshwa haivuti maji.” Mmeisikia sokoni, sasa mnataka kujua ni pampu gani hiyo. Basi tulieni, chanzo chake ni hiki.

Mgodi wa Nyamwelu ulipofungwa, wenyewe waliondoka na dhahabu wakatuachia sumu. Ikazama ardhini, ikawa inatambaa chini kwa chini kuelekea kisima cha bondeni, ambacho kijiji kizima kilikunywa maji yake. Ndipo kikachimbwa kisima kirefu huku juu, ikatumbukizwa pampu ya kuyavuta maji machafu mchana na usiku, yasafishwe kwenye matangi ya dawa. Fundi alisisitiza jambo moja: isizimwe, maana ikizimwa sumu inaendelea na safari yake. Mwangalizi akawekwa Nkwimba, mama wa watoto wanne, na wote wanne walikunywa maji ya bondeni.

Bomba la kwanza lilikuwa la chuma, maji yale makali yakalila. Likaletwa jingine laini, la kitambaa na mpira, linalokunjika kama mkeka. La chuma lilitolewa kwa winchi na jasho. Hili watu wawili walilizungusha kwenye gurudumu, na pampu iliyoning’inia mwishoni mwake ikaja juu kabla chai haijapoa. Wepesi huo ndio ulioleta balaa.

Mwenyekiti Lugembe alipenda wageni kupita kiasi. Akija diwani, “Nkwimba, hebu itoe aione.” Wakija wanachuo, itoe. Hata walipokuja watu kumposa binti yake, itoe, wapige nayo picha! Kuitoa ilikuwa rahisi, lakini kuirudisha na kuyaweka sawa matangi kulikula siku nzima. Nkwimba hajakaa vizuri, honi getini.

“Mwenyekiti, sumu haisubiri wageni waondoke!” alisema siku moja, uvumilivu umemwishia.

“Punguza hasira, mama. Mgeni njoo, mwenyeji apone.”

“Kwa wageni wako hawa, mwenyeji atazikwa.”

Watu wakacheka. Nkwimba alitamani kulia kwa hasira, lakini akaitoa.

Siku hiyo pampu ililazwa kwenye turubai, ikavishwa shada la maua. Hotuba haijaisha, mpimaji wa maji akapanda kutoka bondeni, uso umemshuka.

“Sumu imefika kisimani. Kuanzia leo asinywe mtu.”

Lugembe akamgeukia Nkwimba. “Imefikaje, na pampu tunayo?”

“Si hiyo hapo, imevaa maua?” Nkwimba alijibu. “Pampu ya kuonyeshwa haivuti maji.”

Hakuna aliyecheka. Jioni ile akina mama walivuka kilima na ndoo kufuata maji ng’ambo, na mpaka leo wanavuka.

Baadaye alikuja mkubwa mmoja kutoka mkoani, akaomba pampu itolewe aione, nayo ilikuwa imesharudishwa kazini. Lugembe, dumu la maji begani, hakusimama hata kidogo.

“Mheshimiwa, isikilize hivyo hivyo inavyonguruma. Pampu ya kuonyeshwa haivuti maji.”