Neno Lililochongwa Katika Jiwe la Lubaba

Wamepokea wanazuoni kwa waliowatangulia ya kwamba katika mji wa Harrani aliishi mwanachuoni aitwaye Shekhe Dhakwani bin Utba, Mwenyezi Mungu amrehemu. Elimu yake ilikuwa ya maneno ya kale. Aliyetaka kujua Yaghuthi na Nasri walikuwa miungu ya nani, au kwa nini wanawake wa zamani walimlilia mungu wao Tamuzi kila kiangazi, alimwendea yeye, wala hakutoka mikono mitupu. Watu walisema, "Dhakwani hajapata kushindwa na neno." Naye sifa hiyo ilimpendeza kuliko inavyompasa mcha Mungu.

Ikatokea mjane mmoja, jina lake Lubaba, alikuwa akisafisha kisima chake, akaopoa jiwe lililochongwa neno moja kwa herufi za kale. Majirani wakalipeleka kwa liwali, na liwali akamwita Shekhe mbele ya watu. Shekhe akazisoma herufi bila taabu: Zamruta. Lakini maana yake hakuijua. Akazitazama nyuso zilizokuwa zikimngoja, akasema, "Ni jina la sanamu. Liliabudiwa hapo."

Papo hapo liwali akaamuru kisima kifukiwe Ijumaa baada ya sala, na Lubaba atolewe mjini, asije akawa miongoni mwa wanaoficha ibada ya masanamu.

Kesho yake asubuhi Lubaba akabisha hodi kwa Shekhe, mikono ingali na tope.

"Sikuja kubishana na elimu yako, Shekhe wangu," akasema. "Mimi hata kusoma sijui. Ila miaka thelathini nimekunywa maji ya kisima kile, na nimetawadhia hayo hayo. Naomba unieleze: sanamu hilo lilikuwa la watu gani? Waliliomba nini? Nikimtubia Mola wangu, nitubie jambo ninalolijua."

Shekhe akavitazama vitabu vyake. Mwisho akasema, "Nipe hadi Ijumaa, mama."

Akapekua vitabu vyake vyote, asione kitu. Ndipo akalinakili neno karatasini, akapanda punda kwenda kwa mtawa mmoja mzee, Barsauma, aliyekaa mwendo wa nusu siku kutoka mjini, naye alikuwa bingwa wa lugha za kale. Mtawa akalitazama neno kwa muda mrefu, macho yakimng'aa kama ya mtoto.

"La ajabu hili," akasema. "Silijui."

"Hulijui? Nawe umesoma miaka sitini?"

Mtawa akafunua Zaburi, akaweka kidole. "Soma hapa."

"Sela," akasoma Shekhe.

"Neno hili limo humu mara nyingi. Wako wasemao ni kituo cha waimbaji, wako wasemao maana yake ni milele. Ukweli ni kwamba hatuna hakika. Tukilifikia, tunanyamaza kidogo, kisha tunaendelea."

"Wala hamwoni haya?"

"Haya ningeiona, Shekhe, kama ningelisemea neno lisilonituma."

Shekhe akainamisha kichwa. Kisha akapanda punda wake, akarudi mjini.

Ijumaa, baada ya sala, wanaume walisimama kisimani na vikapu vya mchanga. Shekhe akapasua umati, akasimama ukingoni.

"Enyi watu, nilipowaambia Zamruta ni sanamu, nilisema uongo. Huenda ni jina la aliyechimba kisima. Huenda ni la binti yake. Huenda ni sanamu kweli. Mimi sijui."

Liwali akakunja uso. "Na hayo mengine uliyotufundisha miaka yote hii?"

"Mengi niliyajua. Matatu niliyabuni, nami nitawatajia."

Akayataja moja baada ya jingine, jasho likimtiririka. Wengine wakacheka, wengine wakageuza nyuso kwa kumwonea haya. Liwali akaona haiwezekani kumfukuza mjane kwa neno ambalo hakuna alijuaye, akaamuru mchanga urudishwe ulikotolewa. Lakini siku ile ile akamwondoa Shekhe katika kiti chake cha kufundishia, na wanafunzi wakatawanyika.

Lubaba akamfuata. "Shekhe wangu, kwa upande wangu ulikuwa na hiari ya kunyamaza. Mimi ningehama tu, nani angejua?"

"Ungenidai jibu Siku ya Kiyama, mama," akasema, "na siku hiyo hakuna vitabu vya kupekua."

Wakarudi kwake wanafunzi wanne tu. Inasemwa kwamba hao wanne walijifunza kwake mengi kuliko mamia waliotangulia, kwani sasa waliweza kumuuliza, "Una hakika?" naye akafurahi kuulizwa.

Basi, ndugu zangu, tazameni jinsi neno moja lililotamkwa kwa kuogopa aibu lilivyokaribia kumtoa mjane nyumbani kwake. Mwenyezi Mungu anajua yote. Sisi ametupa kidogo, na katika hicho kidogo ametutaka tuwe wakweli.