Kaa la Ami Pandu

Mzima jiko ajue pa kuomba kaa. Mmeisikia leo sokoni mkacheka, mkadhani ni ya enzi za mababu. Wapi! Ina umri mdogo kuliko baadhi yenu. Methali hii ilianza hivi.

Kusini ya Unguja alikuwepo msichana akiitwa Mize, akiishi na mamake, Bi Mosi. Macho ya Bi Mosi yalikuwa yamefifia. Kwenye simu hakuona ila ukungu, lakini kwenye kompyuta ya Mize, uso ukijaa kioo kizima, aliutambua. Ndivyo alivyokuwa akimwona mwanawe Ussi, aliyekuwa Maskati akitafuta maisha, na ambaye ndiye aliyewalipia mtandao wa nyumbani.

Siku ya Mwaka, ya kuukaribisha mwaka mpya, ilipofika, kila nyumba ilizima jiko na kuzoa majivu ya kale, kama ilivyo ada. Mize akaitazama kompyuta yake iliyojikokota kama punda mgonjwa, akasema mwaka mpya haumkuti na taka. Akaweka picha zake pembeni, akafuta kila kitu, akaisimika upya. Ikawaka nyepesi, inang'aa. Ila mtandao haikuuona. Kile kisanduku cha Wi-Fi kilimetameta ukutani bure.

Mize aliujua ugonjwa. Alikuwa amefuta na draiva, kile kiprogramu kinachoifundisha kompyuta kuukamata mtandao hewani. Draiva hupatikana mtandaoni, na mtandao haushikiki bila draiva. Akacheka peke yake. Kicheko kilimkauka kitochi chake, kile kisimu kisicho na mtandao, kilipolia.

"Mize, madaktari wamewahisha ule upasuaji," alisema Ussi. "Napasuliwa moyo leo alasiri. Nataka Mama anione kabla sijaingia."

Bi Mosi alikuwa amesikia. "Fungua hiyo kompyuta, mwanangu. Asije akaenda sijamwona."

Kijiji kizima kilikuwa kimekwenda uwanjani kwenye sherehe. Aliyebaki na simu ya maana ni jirani yao, Ami Pandu, ambaye mbuzi wake aliwahi kuitafuna kanga mpya ya Mize juu ya kamba. Siku ile Mize alimtolea maneno mazito, na tangu hapo hawasemezani.

"Mama, nimezima mwenyewe, na sina pa kuwashia."

"Jiko langu nalo si lilizimwa? Moto wa leo unadhani umetoka wapi?"

"Wapi?"

"Kwa Pandu. Nimekwenda mwenyewe, nikipapasa ukuta. Kaa halinyimwi, hata kwa mgomvi."

Mize akajifunga kanga, akaenda kupiga hodi. Pandu akatoa kichwa mlangoni.

"Mbuzi amefungwa," akasema.

"Sikuja kwa mbuzi, Ami. Nimekuja kuomba kaa."

"Mamako keshachukua."

"Langu ni la kompyuta. Naomba simu yako na waya wake. Ussi anapasuliwa leo, na Mama hajamwona."

Pandu akaingia ndani. Akaja na simu mkononi. "Bando langu dogo. Litatosha?"

"Kaa moja latosha, Ami."

Mize akaichomeka simu kwa waya, mtandao ukapita humo, na draiva ikaanza kushuka polepole. Pandu alisimama mlangoni, kofia mkononi. Draiva ilipokwisha kukaa, Mize akaizima kompyuta na kuiwasha tena. Kisha, pembeni mwa kioo, jina la mtandao wao likajitokeza lenyewe.

"Subhanallah," Pandu akanong'ona.

Nywele za mikono zilimsimama Mize. Kumbe kitu kile kilikuwa humo chumbani muda wote, kikipita kutani na miilini mwao, na kompyuta yake haikujua tu namna ya kukiitikia. Alijiona mdogo, na kwa furaha akampigia Ussi.

Uso wa Ussi ukajaa kioo. Bi Mosi akauwekea kiganja.

"Umeota mvi, mwanangu," akasema.

Ussi akacheka huku analia. Pandu akageukia ukuta, akajifuta macho kwa kofia.

Ussi alipona. Mize naye hafuti tena kompyuta kabla ya kuweka draiva pembeni, na kila Siku ya Mwaka kaa la kwanza huenda kuliomba kwa Pandu, hata kama kiberiti kimo ndani. Basi mkiona mtu anafuta ya kale kwa pupa, au anamtukana jirani kwa ajili ya kanga, mwambieni taratibu: mzima jiko ajue pa kuomba kaa.